Ukungu wa Ukutani na Afya ya Familia

Mvua za masika zinapokwisha, kaya nyingi za Madale huvuta kabati kutoka ukutani kwa ajili ya usafi na kukuta nyuma yake doa jeusi lililotanda kama ramani. Harufu huwa imekwisha kutangulia: ile harufu ya nguo iliyokunjwa ingali mbichi, ambayo wenyeji wa nyumba wameizoea kiasi kwamba mgeni ndiye huibaini kwanza. Kinachofuata kwa kawaida ni safari ya dukani. Mtu hununua ndoo ya rangi, hupaka, huridhika, na masika mengine yakifika ramani ile hurudi palepale. Somo hili linaeleza kwa nini hurudi, huwafanya nini wanaolala chumbani humo, na jinsi mlaji anavyoweza kuokoa fedha zake kwa kukishughulikia chanzo kabla ya kulishughulikia doa.

Ukungu, ambao wengi huuita fangasi, ni kiumbe hai. Husambaa kwa vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na vijimbegu hivyo vimo hewani wakati wote, ndani na nje ya nyumba. Hakuna usafi unaoweza kuvimaliza. Vikitua mahali penye chakula na maji, huota. Chakula chao si cha kifahari: vumbi lililoshika ukutani, karatasi iliyofunika ubao wa jipsamu, mbao za kabati, ngozi ya viatu, gundi, hata rangi yenyewe. Kwa kuwa vijimbegu havizuiliki na chakula kipo kila mahali, kinachobaki mikononi mwa mwenye nyumba ni maji tu. Wataalamu wa usafi wa majengo hushauri kitu chochote kilicholowa ndani ya nyumba kikaushwe katika saa 24 hadi 48, kwa sababu baada ya hapo ukungu huwa umepata nafasi ya kuanza kuota.

Kwa nini Madale

Madale imo katika Manispaa ya Kinondoni, kwenye ukanda wa makazi mapya unaounganisha Tegeta, Wazo, Mivumoni na Goba. Mbele kidogo ni Mabwepande, ambako Serikali iliwapeleka mwaka 2012 wakazi wa bonde la Msimbazi walioathiriwa na mafuriko ya Desemba 2011. Waliohamia huku, wawe walipelekwa au walinunua viwanja wenyewe, wengi walitaka ardhi ya juu ambako maji hayaingii mlangoni. Lakini maji yanayoleta ukungu hayahitaji mlango. Hupanda kimya kimya kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya tofali, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, na kiwanja cha mlimani hakina kinga dhidi ya jambo hilo.

Liko jambo jingine ambalo ni la kwetu zaidi. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam hujengwa kidogo kidogo, kadiri fedha zinavyopatikana. Msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, kisha boma husimama bila paa likinyeshewa masika na vuli kwa miaka. Siku fedha za mabati zinapopatikana haraka huingia: paa mwezi huu, lipu mwezi unaofuata, rangi wiki ile ile, na familia inahamia ili kukwepa kodi ya miezi sita mingine. Ukuta ulionyonya maji miaka mitatu sasa umefungiwa ndani ya lipu mbichi na rangi isiyopitisha hewa. Maji hayo hayana pa kutokea ila chumbani. Ukungu unaotokea katika mwaka wa kwanza wa nyumba kama hiyo si ishara ya laana wala ya uchafu wa mama mwenye nyumba. Ni hesabu ya maji tu. Waliopaua na kuhamia kati ya Oktoba 2023 na masika ya 2024, kipindi cha mvua kubwa za El Niño na zile zilizozifuata, wanaifahamu hesabu hiyo vizuri.

Anayeweza kusubiri, na asubiri. Boma likishaezekwa, liachwe wazi lipigwe na upepo wa kiangazi cha Juni hadi Septemba kabla ya lipu, na lipu nayo ikauke kabisa kabla ya rangi. Asiyeweza kusubiri apake kwanza rangi nyepesi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua, na ile nzito ya kung'aa aiache hadi mwaka wa pili.

Madhara kwa wanaovuta hewa hiyo

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi, lilihitimisha kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu au ukungu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya upumuaji, maambukizi ya njia ya hewa, na pumu kuzidi. Mwongozo huo haukuweka kiwango cha ukungu ambacho chini yake mtu angehesabiwa kuwa salama, kwa kuwa ushahidi haukutosha kukipanga. Badala yake ulishauri unyevu uzuiwe, na unapotokea urekebishwe. Kwa mlaji maana yake ni nyepesi: hakuna haja ya kulipa fedha ili hewa ya chumba ipimwe. Ukiuona ukungu au ukiinusa harufu yake, umekwisha kupata jibu.

Dalili za kawaida ni mafua yasiyoisha, kupiga chafya hasa asubuhi, macho kuwasha, kikohozi kikavu cha usiku, na kifua kubana au kutoa sauti kama filimbi. Mwenye mzio huathirika mapema kuliko wengine, na mtoto mwenye pumu huathirika zaidi kwa sababu njia zake za hewa ni nyembamba. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kuangalia mahali na wakati. Dalili zikipungua mtoto anapolala kwa bibi yake Bagamoyo na kurudi siku mbili baada ya kurejea, chumba chake kinastahili kuchunguzwa. Jambo hili mweleze daktari, maana wagonjwa wengi hutaja homa na chakula lakini hawataji ukuta. Wala dawa ya pumu isiachwe kwa matumaini kwamba kuta zikisafishwa yote yatakwisha.

Hapa pana tahadhari ambayo ni kubwa kuliko ukungu wenyewe. Kikohozi kinachodumu wiki mbili au zaidi, hasa kikiambatana na kupungua uzito, homa za jioni au kutoka jasho usiku, kichunguzwe kifua kikuu katika kituo cha afya, hata kama ukuta wa chumba ni mweusi kama sufuria. Chumba kilichofungwa, kisichopitisha hewa, hustawisha ukungu na wakati huo huo hurahisisha kuambukizana kifua kikuu, hivyo si ajabu mambo hayo mawili kukutana katika nyumba moja. Tena waliokwisha kutibiwa kifua kikuu wakapona wana sababu ya pekee ya kuogopa ukungu: makovu na mashimo yaliyobaki katika mapafu huweza kuvamiwa na aina iitwayo Aspergillus, ikaleta kikohozi cha muda mrefu na wakati mwingine makohozi yenye damu, ugonjwa ambao ni rahisi kudhaniwa kuwa kifua kikuu kimerudi. Watu hawa, pamoja na wale ambao kinga yao imeshuka kwa VVU au kwa matibabu ya saratani, wasipewe kazi ya kusugua ukungu.

Kifo kwa sababu ya ukungu wa ukutani ni jambo la nadra, lakini limewahi kuthibitishwa. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak, mwenye asili ya Sudan, alifariki Desemba 2020 akiwa ametimiza miaka miwili siku chache tu zilizopita. Novemba 2022 mchunguzi rasmi wa vifo aliamua kuwa alikufa kwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliotokana na kukaa muda mrefu katika ukungu wa nyumba yao ya kupanga. Baba yake alikuwa ameulalamikia ukungu huo tangu mwaka 2017, na akaambiwa apake rangi juu yake. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo lilipitisha masharti, yanayojulikana kwa jina la mtoto huyo, ya kuwalazimisha wenye nyumba za kijamii kushughulikia hatari kama hizo ndani ya muda maalumu. Nyumba za baridi ya Uingereza hupata unyevu kwa njia tofauti na zetu. Ushauri wa kupaka rangi juu yake, hata hivyo, ni ule ule unaotolewa kila siku Tegeta na Mbagala.

Tafuta maji yanakotoka

Ukutani maji huacha saini yake, na mwenye subira anaweza kuisoma bila fundi.

Doa lililoanzia sakafuni na kukomea usawa wa goti au kiuno, lipu ikimenyeka na kuacha unga mweupe wa chumvichumvi, ni maji ya ardhini. Chanzo chake mara nyingi ni msingi uliojengwa bila tabaka la kuzuia unyevu, jamvi lililomwagwa bila karatasi nzito ya nailoni chini yake, au udongo wa nje uliojazwa hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Hili la mwisho ni la kawaida mno Madale, ambako watu husawazisha viwanja vya mteremko kwa vifusi na kuegemeza udongo ukutani. Kulirekebisha kunahitaji jembe na siku mbili tu: ondoa udongo hadi ushuke chini ya sakafu, kisha weka mteremko unaopeleka maji mbali na nyumba. Angalia pia chemba na bomba la maji taka lililopita karibu na ukuta. Na mchanga wa lipu ukiwa wa baharini, chumvi yake huendelea kuvuta unyevu wa hewani hata baada ya ardhi kukauka.

Doa la kahawia kwenye dari, lenye ukingo kama chai iliyomwagika, limetoka juu. Msumari wa bati uliolegea, kofia ya paa iliyotoboka, gata iliyoziba majani, au bomba la kiyoyozi linalodondosha maji ndani ya ukuta. Panda, au mpandishe fundi, wakati mvua inanyesha au mara tu ilipokatika. Kutafuta tundu la bati mwezi Agosti ni kupoteza fedha.

Doa lililojificha kwenye kona za juu, nyuma ya kabati, nyuma ya godoro lililoegemezwa, au ndani ya chumba chenye bafu lisilo na dirisha, chanzo chake ni hewa ya ndani. Sisi wenyewe ndio tunaoilowesha: kuoga, kupika, kuanika nguo chumbani wakati wa mvua, kulala watu watano na madirisha yamefungwa kwa hofu ya mbu au wezi. Gesi ya kupikia huzalisha maji inapoungua. Kila kilo moja ya gesi hutoa karibu kilo moja na nusu ya mvuke, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unapokwisha umemwaga zaidi ya lita 9 za maji katika hewa ya jiko. Kama jiko hilo halina dirisha linalofunguka, maji hayo yameingia vyumbani. Fungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite, weka nyavu imara badala ya kufunga vioo, rudisha matundu ya hewa yaliyozibwa juu ya madirisha, na uache upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta wa nje. Anayetumia kiyoyozi asikiwashe huku dirisha likiwa wazi, kwa sababu hewa ya joto yenye unyevu ikigusa ukuta uliopozwa huacha maji hapo.

Ukishindwa kutofautisha, bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, upana wa gazeti lililofunuliwa, ukifunga pande zote nne kwa selotepu. Kiache siku mbili. Matone yakionekana upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande wa chumbani, ni ya hewani. Mwandishi wa somo hili aliwahi kupaka ukuta mmoja mara mbili ndani ya mwaka kabla ya kufanya jaribio hili dogo, na nailoni ilimwonyesha bomba la bafu lililokuwa likivuja upande wa pili.

Kusafisha

Ukungu ulioenea eneo lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kuuondoa mwenyewe. Ukizidi hapo, au ukiwa umetokana na maji ya choo, ita fundi mwenye vifaa. Kabla ya kuanza, watoto na wenye pumu watoke, mlango wa vyumba vingine ufungwe na madirisha ya chumba kile yafunguliwe. Vaa barakoa inayobana pua na mdomo barabara, glovu za mpira na miwani. Usifagie wala kusugua ukungu ukiwa mkavu, kwa kuwa utarusha vijimbegu chumba kizima. Uloweshe kwanza kwa maji ya sabuni, usugue kwa brashi, ufute kwa kitambaa cha kutupa, halafu ukaushe kwa feni hadi kesho yake.

Jiki hufaa kwenye vigae na sinki. Kwenye lipu hufanya kazi kwa sura zaidi kuliko kwa kina, kwani huondoa weusi na kuacha mizizi ndani, na maji yaliyomo ndani yake huuongezea ukuta unyevu. Jambo moja lishikwe na kila mtu wa nyumbani: jiki isichanganywe kamwe na siki, dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayoweza kuunguza mapafu katika bafu dogo kabla mtu hajaufikia mlango.

Godoro la sponji lililoota ukungu ndani halisafishiki, na jipsamu iliyolowa ikalegea vilevile. Inauma kuvitupa, lakini kulala juu yake kunauma zaidi.

Unaponunua rangi

Rangi zinazotangazwa kuzuia fangasi zipo, na zilizo halisi zina kemikali inayochelewesha ukungu kuota juu ya rangi yenyewe. Hazizuii maji yanayotoka nyuma ya ukuta. Hayo huisukuma rangi yoyote hadi ikatoa malengelenge. Muuzaji anayekuambia kuwa ndoo moja itamaliza tatizo la msingi anakupotosha, na madai ya kupotosha kuhusu bidhaa yamekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo husimamiwa na Tume ya Ushindani. Akiahidi miaka mitano, mwombe aiandike ahadi hiyo kwenye risiti. Wengi hubadili kauli hapo hapo.

Angalia alama ya ubora ya TBS, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kifuniko kisiwe kimefunguliwa na kufungwa tena. Dai risiti ya mashine, kwa maana bila hiyo lalamiko lako litakuwa hadithi. Na kabla ya kudharau vya kale, kumbuka kuta za chokaa za Mji Mkongwe na Bagamoyo: chokaa mbichi ina ukali ambao ukungu hauupendi, na huuacha ukuta utoe unyevu wake nje. Kwa ukuta wa nje au wa stoo ambao hukauka polepole, chokaa ya bei nafuu inaweza kuushinda mkebe wa gharama.

Kama umepanga

Kagua chumba kabla ya kulipa, ikiwezekana siku ya mvua. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, ubani mkali, au kabati ambalo dalali hataki lisogezwe, ni mambo ya kuulizia. Sheria ya Ardhi (Sura ya 113) huchukulia kwamba mpangishaji wa nyumba au chumba cha kuishi ameahidi kuwa mahali hapo panafaa kwa makazi ya binadamu mwanzoni mwa pango na pataendelea kufaa, hata kama mkataba haukusema hivyo. Paa linalovuja na msingi unaonyonya maji ni la mwenye nyumba. Bafu lisilofunguliwa dirisha ni la mpangaji, na ni vyema kulikiri hilo kabla ya kwenda kulalamika.

Mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe na picha, ukimweleza maji yanatoka wapi badala ya kumwambia tu kuwa ukuta ni mbaya. Asipojibu, mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa na Afisa Afya wa kata, ambaye anaweza kufika kukagua. Mgogoro wa pango ukishindikana kusuluhishwa huko, hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Gharama za ukarabati zisikatwe kwenye kodi bila makubaliano ya maandishi.

Gunia lililoegemea ukuta

Limebaki jambo moja ambalo husahaulika kwa kuwa haliko ukutani. Katika kaya nyingi gunia la mahindi au karanga lililotoka shambani huwekwa chini, likiegemea ukuta ule ule wenye unyevu. Ukungu wa ukutani hauleti sumukuvu kwenye nafaka. Ile hutoka kwa aina nyingine za ukungu, mara nyingi zilizoianza nafaka tangu shambani, nazo unyevu wa chumba huzipa nafasi ya kuendelea. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mlipuko wa sumukuvu uliugua watu 68 na kuua 20 kati yao. Sumu hiyo haiondoki kwa kuanika tena, wala kwa kupika ugali hadi uive. Hivyo nafaka iliyoota ukungu isichanganywe na nzima, isipelekwe mashineni, na kuku wasipewe.

Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Ili kujua kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa kisha iache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Yatandaze juu ya turubai juani kabla hujayarudisha ndani.